Shabaha Namba Nne

Kuomba zawadi huko Bärenschwand, kijiji cha milimani, kuna adabu yake, na asiyeijua hurudi nyumbani mikono mitupu. Mwombaji haombi akiwa ameketi. Anakaribishwa jikoni, anamiminiwa kahawa iliyotiwa pombe kali ya tufaha, anakatiwa mkate mweupe uliosukwa kama nywele, na mazungumzo yanakuwa ya mvua, ya ng'ombe, ya goti la bibi lisilopona. Saa nzima inakwenda hivyo. Ni pale anaposimama, akavaa kofia na kushika kitasa cha mlango, ndipo anaposema, kama mtu aliyekumbuka kajambo kadogo, kwamba kuna yale mashindano yetu ya mwezi wa sita. Na mwenye nyumba, ambaye alijua tangu alipoiona kofia ikipita dirishani, anajifanya kushtuka, anakuna kichwa, kisha anataja atakachotoa.

Niklaus Habegger aliimudu adabu hiyo kuliko mtu yeyote bondeni. Alikuwa mtengeneza jibini wa kijiji, mtu mnene wa miaka arobaini na saba, mikono myekundu kwa kushinda kwenye maji ya moto, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mwenyekiti wa klabu ya shabaha. Mwaka ule wa 1984 klabu ilikuwa inatimiza miaka mia. Walengaji wa vijiji arobaini walialikwa kwa siku tatu, na walengaji, tusidanganyane, hawapandi mlima na bunduki begani kwa sababu ya kumpenda mtu. Mkono mtupu haulambwi. Wanafuata meza ya zawadi, na meza hiyo Niklaus alikuwa ameijaza mlango kwa mlango tangu theluji ilipokuwa magotini: mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi, kengele kumi na moja za ng'ombe, saa ya ukutani, mizinga miwili ya nyuki, na zawadi ya kwanza kabisa, mtamba mwenye mimba aliyetolewa na mwenye kiwanda cha mbao. Mkewe Rosmarie alisema kwa kahawa alizokunywa miezi ile angeweza kukesha mpaka Krismasi.

Mlango mmoja tu ulibaki, na huo hakuuhitaji kwa zawadi. Aliuhitaji kwa saini.

Nyumba ya klabu, ambako walengaji hulala kifudifudi na kupiga, iko upande mmoja wa bonde dogo. Shabaha sita ziko ng'ambo, mita mia tatu, chini ya ukuta wa udongo. Katikati ni konde la majani la Gottlieb Stettler. Kila risasi ya klabu hupita juu ya majani yake, na bila idhini yake ya maandishi mkaguzi wa wilaya haruhusu hata risasi moja. Idhini ya miaka thelathini ilikuwa imetiwa saini na baba yake Gottlieb. Iliisha mwaka mpya, na mzee mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Mkaguzi alitaka karatasi mpya mezani kwake Ijumaa, tarehe kumi na nane Mei. Isipofika hakuna mashindano, na klabu isiyo na uwanja si klabu tena, ni watu wanaokunywa bia pamoja.

Gottlieb hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeumizwa akanyamaza, na huyo ni mgumu kuliko mtu mbaya. Mwenye kovu usidhani amepoa, na kovu la Gottlieb kijiji kizima kililijua, ila aliyelisababisha alikuwa akijulikana na mtu mmoja tu, naye ndiye aliyehitaji saini.

Mwaka 1955 Gottlieb alikuwa na miaka thelathini na minne, na hapakuwa na mlengaji kama yeye mpaka mto Aare. Siku ya mashindano makubwa alikuwa anaongoza. Bado risasi moja, ya kumi, na ili awe mfalme wa shabaha alihitaji alama sita tu. Mwaka mzima hakuwahi kupata chini ya nane. Watu walikuwa wameshaanza kumtafutia kiti cha kumbebea. Alipiga, na kule handakini wanakokaa waonyesha alama, chini ya shabaha namba nne, bendera nyekundu ikainuka, ikapungwa kushoto na kulia. Sifuri. Gottlieb aliinuka akasema risasi imeingia, ameihisi ikitoka, watazame tena. Wakatazama. Hakuna tundu. Mtu mmoja katika umati akasema Stettler kaupiga mlima, watu wakacheka, na tangu siku hiyo jina lake likawa Mpiga Mlima. Watoto walimwita hivyo hata mwanawe shuleni. Gottlieb aliitundika bunduki yake darini, asikanyage tena nyumba ya klabu. Ufalme, shada la majani ya mwaloni na mtamba wa zawadi ya mwaka ule vilikwenda kwa aliyekuwa wa pili, Andreas Habegger, kaka yake Niklaus.

Na handakini, chini ya shabaha namba nne, alikuwa Niklaus mwenyewe, wa miaka kumi na minane.

Kazi ya handakini ni rahisi mpaka pale unapoizoea. Risasi ikipiga unaishusha shabaha, unatafuta tundu, unalibandika kikaratasi chenye gundi, unaipandisha, kisha unawaonyesha walio juu mahali pale kwa kibao cha fimbo. Tangu asubuhi Niklaus alikuwa amebandika mamia. Vikaratasi alivipanga kwenye kiganja cha kushoto, vimekwisha kupakwa gundi, na ilipofika saa kumi jioni mkono ulikuwa ukifanya kazi bila kuyangoja macho. Risasi ya kumi ya Gottlieb ikapiga. Akaishusha shabaha, mkono ukabandika. Ndipo macho yakafika, yakatafuta tundu, yasilione. Alikuwa amelifunika kabla hajaliona. Akachukua bendera.

Alielewa dakika tatu baadaye, simu ya handakini ilipolia kutoka juu na shabaha ikashushwa mara ya pili. Kwenye pete ya tisa, upande wa kulia, vikaratasi viwili vilikuwa bado vibichi, bega kwa bega. Cha risasi ya tisa, na cha ya kumi. Msimamizi wa handaki alisimama nyuma yake akauliza kama kuna tundu. Niklaus akajibu hakuna. Na kweli halikuwepo tundu, lilikuwa limebandikwa.

Angesema pale pale, angezabwa kofi moja na yangekwisha. Alingoja adake pumzi. Alipodaka pumzi, juu walikuwa wameshambeba Andreas kitini, na Niklaus akajiuliza nani atakayeamini kwamba mdogo wa mtu amelifuta tundu la mpinzani wa kaka yake kwa bahati mbaya. Akasema atasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikazaa miaka ishirini na tisa. Katika miaka hiyo alirithi kiwanda cha jibini, na kila alfajiri na kila jioni Gottlieb Stettler alileta maziwa yake, akayaweka kwenye mizani, akasema "Asubuhi" au "Jioni," basi. Mara mbili kwa siku Niklaus alimtazama mtu yule machoni. Watu husema muda huponya. Waliosema hivyo hawakuwahi kupima maziwa ya mtu waliyemdhulumu.

Jumatatu ya tarehe kumi na nne Mei akaenda. Gottlieb, mjane sasa, mwembamba, miaka sitini na mitatu, alichemsha kahawa mwenyewe. Waliongea habari za majani, kwamba mwaka huu yatawahi kukatwa. Wakaongea habari za ndama aliyezaliwa kinyume. Mwisho akasimama, akavaa kofia, akashika kitasa.

"Ah, halafu, mzee," akasema, "kuna ile karatasi ya konde."

Gottlieb naye akasimama. Ilikuwa zamu yake kukuna kichwa, na hakukikuna.

"Handakini mwaka ule mlikuwa vijana sita," akasema. "Mlikuwa mkibadilishana shabaha kila saa, hakuna aliyeandika nani yuko wapi, na msimamizi wenu alikufa kabla sijamfikia. Nimewauliza watano. Wawili ni marehemu, niliwahi kuwauliza kabla. Wewe sijakuuliza."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ukisema si wewe, sitabaki na mtu wa kumuuliza."

Niklaus hakuweza kukigeuza kitasa wala kukiachia.

"Nenda nyumbani," Gottlieb akasema. "Alhamisi rudi. Na hilo utakaloniambia usilisemee mlangoni. Uje ukae."

Usiku ule na uliofuata Niklaus hakulala. Rosmarie alimwambia aache kugeuka kama chapati. Alimweleza yote, na Rosmarie akasema kuna mtu wa kuambiwa kabla ya Stettler. Niklaus alilijua hilo, na ndilo lililokuwa likimgeuza.

Andreas alikuwa amekufa miaka minne nyuma. Shada lake lilitundikwa ndani ya kioo juu ya mlango wa klabu, na kwenye jiwe la kaburi lake lilichongwa neno moja chini ya jina: Mfalme. Mjane wake, Elsbeth, alikuwa zizini akikamua Niklaus alipofika Jumatano jioni. Alimsikiliza bila kuachia chuchu za ng'ombe. Maziwa yaliendelea kulia ndooni, chwii, chwii, mpaka alipomaliza.

"Andreas alijua?"

"Hapana, shemeji. Haki ya Mungu, hakujua."

Elsbeth alitazama ng'ombe wake kumi na wawili mmoja mmoja. Nusu yao walikuwa kizazi cha mtamba yule.

"Angelirudisha," akasema. "Ungemwambia angepiga kelele siku mbili, halafu angelirudisha shada na kumpelekea Stettler ndama. Ungempa nafasi ya kuwa mtu wa haki. Umemnyima hiyo, Niklaus, umemwacha alale na wizi asioujua. Sasa toka, nina kazi."

Akatoka. Alilia njiani, mtu mzima, na hakujificha.

Alhamisi akaketi jikoni kwa Gottlieb. Kahawa haikuwepo. Mezani palikuwa na karatasi ya mkaguzi na kalamu, na kando yake kadi ya zamani ya alama, ya mwaka 1955, imekunjwa mara nne. Niklaus alisema kila kitu bila kupamba: gundi kiganjani, mkono uliotangulia macho, vikaratasi viwili vibichi, jibu alilompa msimamizi. Hakuomba msamaha, maana alihofia utasikika kama ombi la saini.

Gottlieb aliichukua ile kadi ya zamani, akaikunjua.

"Lilikuwa wapi?"

"Pete ya tisa, mzee. Kulia, upana wa vidole viwili kutoka katikati."

Gottlieb alifumba macho. Kidole chake cha shahada, juu ya meza, kikajikunja taratibu kama kinavuta kitu.

"Kulia," akasema. "Nilivuta kulia kidogo. Nilimwambia mke wangu usiku ule. Nilimwambia, ni tisa, ya kulia. Amekufa akiniambia ndiyo, mume wangu, kama unavyomwambia mtoto."

Kisha akavuta karatasi akatia saini, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi, akaisukuma upande wa pili.

"Chukua. Hiyo sikuuzii, nimeshakupa. Sasa sikiliza. Siku ya mashindano utawaambia watu ulivyoniambia mimi. Halafu nitapiga risasi yangu ya kumi. Namba nne. Na handakini uwe wewe."

"Mzee, hujagusa bunduki miaka ishirini na tisa."

"Nimekuuliza?"

Ijumaa ya tarehe kumi na tano Juni kulikuwa na watu kama mia nne mbele ya nyumba ya klabu. Meza ya zawadi ilikuwa imejaa, mtamba alikuwa amevikwa maua pembeni, bendi ya kijiji ilikuwa imemaliza wimbo wake wa pili. Niklaus alipanda ngazi. Watu walidhani atawashukuru wafadhili, na wafadhili wenyewe walikuwa wameshavuta makoti yao yakakaa sawa. Alisema alichokuja kusema. Kilimchukua muda mfupi kuliko alivyoogopa. Kisha akapanda kiti, akalishusha shada la kaka yake kutoka juu ya mlango, ukutani pakabaki alama nyeupe. Mtu nyuma aliuliza kwa sauti Andreas alimlipa kiasi gani, na hakuna aliyemnyamazisha. Mwenye kiwanda cha mbao alitazama viatu vyake. Elsbeth alikuwa mstari wa mbele, nguo nyeusi, akitazama mlimani. Hakuondoka. Niklaus alimpa shada mikononi, naye akalipokea bila kumtazama.

Halafu Niklaus akavuka konde peke yake kwenda handakini. Njia ni dakika tano, siku ile ilikuwa ndefu kuliko uzee. Alikuwa amedai karatasi mpya kabisa kwenye shabaha namba nne, isiyo na tundu wala kibandiko, ili safari hii asiwepo mtu wa kukosea. Akaipandisha. Akaketi chini ya ukuta, mikono mitupu. Gundi hakuichukua.

Juu, aliambiwa baadaye, Gottlieb alilala kifudifudi kwa shida, wakamsaidia goti. Akakataa risasi ya majaribio. Akakaa na shavu kwenye mti wa bunduki ile ya zamani muda mrefu hata wengine wakadhani amesinzia.

Mlio ukaja. Niklaus akahesabu moja, mbili, akaishusha shabaha.

Haikuwa na kitu.

Akatazama pete ya tisa kulia, kisha kushoto, kisha juu. Akapitisha kiganja juu ya karatasi yote polepole, kama kipofu anayesoma uso wa mtu. Akaigeuza akaitazama nyuma kwenye mwanga. Akaikagua fremu, mbao za pembeni, misumari. Karatasi ilikuwa nyeupe na nyeusi na nzima. Nyuma yake ukuta wa udongo una matundu ya miaka mia, nani angejua lipi ni jipya.

Kibao cha kuonyeshea kilikuwa pale pale, karibu na goti lake. Angekiweka kwenye pete ya tisa, upande wa kulia, upana wa vidole viwili. Watu mia nne walikuwa wakilitaka hilo. Bendi ingepiga. Penseli ilikuwa mfukoni, na ncha ya penseli inatoboa karatasi vizuri sana. Akionyesha sifuri, nusu ya watu wale watakwenda nyumbani wakisema basi hata mwaka ule alikosa, Habegger kajitwisha kosa lisilo lake ili apate konde. Angemuua mzee mara ya pili, kwa mkono ule ule na bendera ile ile.

Simu ikalia. Msimamizi wa juu aliuliza kuna nini huko, watu wanangoja. Niklaus akasema bado anatazama, akakata. Akatazama kweli, mara ya tatu, tangu kona ya juu mpaka kona ya chini, midomo ikitikisika. Aliomba Mungu ampe tundu. Hakupewa.

Akakumbuka kidole kile kikijikunja juu ya meza. Mtu aliyebeba tisa moja ya kweli kwa miaka ishirini na tisa, bila shahidi, hapewi tisa ya uongo. Niklaus alichukua bendera nyekundu, akasimama, akaiinua juu ya handaki, akaipunga kushoto na kulia.

Ng'ambo waliiona bendera. Kisha kicheko kimoja, kifupi, kikakatwa katikati. Niklaus alishusha bendera, akangoja. Simu ikalia tena, na safari hii aliacha ilie mara tatu kabla ya kuinyanyua.

"Umetazama vizuri?" Ilikuwa sauti ya Gottlieb, na pumzi nzito.

"Mara tatu, mzee."

"Na nyuma?"

"Na nyuma."

Niklaus alifumba macho, tayari kwa lolote.

"Nilivuta kabla sijatulia," Gottlieb akasema. "Niliijua ilipotoka. Safari hii mlima nimeupiga kweli." Akakohoa, na ndani ya kikohozi palikuwa na kitu karibu na kicheko. "Hii ni yangu, Niklaus. Nishawaambia hapa juu. Haya pandisha shabaha, usiwacheleweshe watu."

Niklaus alirudisha simu mahali pake, akaipandisha shabaha namba nne, safi, bila kibandiko hata kimoja.